Upande Butu wa Picha

Hadi leo, ukitaja Mpiga Picha mbele ya watu wa Kilosa waliokula chumvi nyingi, watakwambia hakuna aliyemfikia. Watakuonyesha picha za harusi zao ukutani, na kweli utaona kila uzi wa shela. Mimi husikiliza, nikanyamaza. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza moja naye tangu mwaka wa uhuru, mlango wake na mlango wangu imetenganishwa na nguzo moja tu, na sijawahi kukutana na mtu aliyejua kazi yake kama yeye. Ndiyo maana hasira yangu haijapoa. Mtu asiyejua, unamsamehe. Yeye alijua.

Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake lilikuwa jeupe hata wakati sabuni ilikuwa ya kutafuta. Alikuwa na ukali ambao wateja waliulipia kwa hiari. Ukiingia kupigwa picha, kwanza alikukagua kama nesi. Kama umetoka shamba na vumbi la Kimamba limekukaa kwenye nyusi, alikupa beseni na taulo, na taulo lenyewe alikuwa akilifua mwenyewe kila jioni. Kulikuwa na koti moja jeusi limetundikwa kwenye msumari, la kumwazima kila mwanamume asiye na koti. Nadhani nusu ya wanaume wa tarafa ile wana picha ndani ya koti lile. Mwenye tumbo lilimbana, mwembamba lilimmeza, na Mpiga Picha alikuwa akija kwangu kuomba pini za kulirekebishia kwa nyuma.

"Mama Zaina, niazime pini nne. Nina bwana harusi kama ufito."

Kwa wakubwa alikuwa mkali zaidi. Siku moja alikuja msimamizi wa shamba la mkonge na wafanyakazi wake, akataka akae kitini katikati, mbwa wake miguuni, na wafanyakazi wachuchumae nyuma ya mbwa. Mpiga Picha akakunja kitambaa chake cheusi, akakiweka begani.

"Mbwa akae nje," akasema. "Mimi napiga picha za watu."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuwekea kiti."

Mbwa alitolewa. Wale wafanyakazi walisimama wima, wakatengeneza kola zao. Baadaye nilimwambia angejitafutia balaa bure, akanijibu neno ambalo mji mzima ulikuja kulijua, kwa sababu alilirudia kwa kila kundi lililosimama mbele yake: "Aliye pembeni naye kaja kupigwa picha."

Neno lile lilitokana na kisa cha Mamboya, milimani. Aliitwa huko juu kupiga picha ya walimu wa shule na watu wa kanisa, watu wengi, safu tatu, mbele ya jengo la mawe. Alitumia kamera yake kubwa ya miguu mitatu, aliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama nchi. Picha zikatoka, zikapelekwa. Baada ya muda katekista mmoja mzee akashuka mlima, akaingia studio, akaiweka picha mezani. Akaweka kidole upande wa kulia kabisa, juu ya uso wa mkewe. Pale palikuwa na kilemba, na chini ya kilemba palikuwa na kitu kama uji uliomwagika. Katikati ya picha ungeweza kuhesabu vifungo vya mchungaji.

"Alitikisika labda," Mpiga Picha alisema.

"Na hawa watatu walio karibu naye?" katekista akauliza. "Na nyasi? Nyasi nazo zilitikisika?"

Sijawahi kumwona ameaibika vile. Kesho yake alifunga duka, akaniita.

"Njoo uniazime macho. Wewe fundi wa nguo, unaona mshono uliokwenda upande. Mimi macho yangu yataitetea kamera yangu."

Tulikwenda kwenye ukuta wa matofali wa ghala la mizigo, karibu na stesheni. Akabandika kurasa za gazeti la zamani, moja katikati, nyingine kwenye pembe nne. Akapigilia misumari miwili, akafunga nyuzi, akazivuta hadi pande mbili za kamera, akawa anasogeza ile miguu mitatu mpaka nyuzi zote mbili zilingane, ili kamera itazame ukuta uso kwa uso bila kwenda mshazari. Wapagazi wa stesheni walisimama kucheka. Akapiga. Kisha akafanya jambo lililowachekesha zaidi: akaifungua kamera kutoka kwenye miguu yake, akaigeuza juu chini, akaifunga tena, akalinganisha nyuzi upya, akapiga mara ya pili.

"Kwa nini unaipindua?" nikamuuliza.

"Kama ukungu ukibaki palepale ukutani, kosa ni langu, nimesimama vibaya au ukuta umepinda. Ukungu ukihama na kamera, basi lenzi ndiyo mbovu. Lenzi haiwezi kunisingizia, na mimi siwezi kuisingizia."

Akasafisha filamu, akanipa kioo cha kukuzia. Katika ile ya kwanza, gazeti la kulia lilikuwa halisomeki, herufi zimekuwa kama sisimizi waliolowa. Katika ya pili, gazeti lile lile lilisomeka hadi bei za pamba, na la kushoto ndilo lililoharibika. Ukungu ulikuwa umehama. Kuna kioo kimoja ndani ya lenzi ile kilikuwa kimekaa kando, sijui kilianguka safarini au kiwandani. Katikati kali, kushoto kali, kulia butu.

Akanifundisha jambo lingine siku ile, na ningependa msomaji alikumbuke kama mimi ninavyolikumbuka. Lenzi ina tundu la kupitishia mwanga, linafunguka na kubanwa kama jicho la paka. Likiwa wazi, ubutu unaonekana wote. Ukilibana, na jua likiwa kali, ubutu unapungua sana, hata uso wa aliye pembeni unaweza kutambulika. "Mpiga picha mwenye huruma," alisema, "hata na lenzi mbovu anaweza kumwokoa mtu."

Akapanda tena Mamboya na kamera ndogo aliyoazima, akawapiga upya, hakuwatoza kitu. Baadaye akapata kamera nyingine nzima kutoka Dar es Salaam, naye akaipima kwenye ukuta ule ule. Ile mbovu akaifunga kwa shuka, akaiweka juu ya kabati. Alipenda kuwaonyesha wateja: "Ile iko jela." Kila mtu mjini alijua hadithi ya kamera iliyo jela. Alijivunia hadithi hiyo, aliisimulia kwenye misiba na kwenye foleni za sukari. Kama angeisimulia kidogo tu, labda mengine yasingetokea.

Ikaja operesheni ya vijiji. Mimi sikuwa mpinzani wa Ujamaa. Nilishona sare za wanamgambo, nilikata kitambaa cha bendera, niliimba pamoja na wenzangu. Mama yangu, aliyekuwa akilima peke yake upande wa Masanze, aliambiwa ahamie kijiji kipya kando ya barabara, kwenye maji ya bomba na zahanati. Akahama. Hakulalamika, aliniambia tu kwamba mihogo yake ameiacha ardhini kama mtu anayeacha watoto. Nyumba yake mpya ilikuwa fito na udongo, haina paa, maana nyasi za karibu zilikuwa zimekwisha na lori la kuleta nyasi za mbali lilikuwa limeahidiwa. Shangazi yangu, mlango wa pili kutoka kwake, naye hivyo hivyo. Safu ya kushoto ya barabara ilikuwa imeezekwa. Safu ya kulia ilikuwa inangoja lori.

Siku moja asubuhi, kiangazi kinakaribia mwisho, akaja barazani kijana mmoja afisa wa operesheni. Alikuwa na adabu, nakiri. Alinipa shikamoo, akampa na Mpiga Picha. Nilikuwa nashona, mlango wa studio uko wazi, nikasikia kila neno.

"Mzee, kesho nina gari. Tunakwenda kupiga picha kijiji kipya, wakubwa mkoani wanaingoja."

"Hamna tabu."

"Ile kamera yako ya zamani, yenye upande mbovu, bado ipo?"

"Ipo. Siitumii."

"Kesho utaitumia."

Niliacha kukanyaga cherehani.

"Upande wa kulia nyumba hazijaezekwa," kijana akaendelea, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa dawa. "Zitaezekwa, mvua bado. Sasa kwa nini tuwaonyeshe wakubwa kazi ambayo haijaisha?"

"Basi nipige upande wa kushoto peke yake."

"Wanataka kijiji kizima, safu mbili, barabara katikati. Wewe weka safu ile kwenye ukungu wako. Itaonekana kama umande wa asubuhi." Akacheka. Kisha akatazama kuta za studio, akazitazama vizuri. "Leseni ya duka hili unaombea kwetu, siyo?"

Nikangoja. Nilikuwa nimemsikia akimtoa nje mbwa wa msimamizi. Nilikuwa nimemsikia akimwambia mkuu wa polisi ashushe kidevu. Nikasema moyoni, sasa kijana huyu ataona.

Mpiga Picha alisema, "Nitaangalia."

Nilidhani ameshakataa kwa adabu. Nilirudi kwenye kazi yangu. Sikujua hata kwamba safu ile ya kulia ndiyo ya mama yangu, maana nilikuwa sijafika huko bado, nilikuwa nasikia tu habari za lori.

Mvua zikaja kabla ya lori. Mama alikuwa ameweka mabua ya mahindi na mkeka juu ya fito. Ukuta wa nyuma ukalowa, ukaanguka juu ya kitanda. Binamu yangu alimleta kwangu amempakia kwenye baiskeli, amefungwa kanga mbili, anatetemeka. Nikamlaza chumba cha nyuma. Chumba kile kilikuwa kimepakana na chumba cha giza cha studio, ukuta wa tofali moja. Alikohoa humo mvua nzima. Mpiga Picha aliposafisha picha zake alikuwa anamsikia, hakuna njia ambayo angeweza kutomsikia. Alimletea machungwa. Kila nikikumbuka yale machungwa natamani kuvunja kitu.

Niliiona picha ile ya kijiji nilipopeleka mapazia niliyoshona kwenye ofisi moja ya serikali. Ilikuwa imekuzwa, imewekwa kwenye fremu kwenye ukumbi wa kupita. Kushoto, paa za nyasi zimepangwa vizuri, unaona hadi kamba za kufungia. Katikati, bendera na viongozi. Kulia, weupe laini, kama asubuhi yenye umande, na ndani yake vivuli vya kitu ambacho ungeapa ni nyumba zilizokamilika. Karani mmoja akaniambia kwa furaha kwamba kwa sababu ya kijiji kile kumaliza mapema, lori la nyasi lilipelekwa kijiji kingine.

Mama alipopata nafuu kidogo aliomba nimpeleke akaione. Nilimkataza. Akasisitiza. Tulikwenda polepole, akipumzika kwenye kila baraza. Alisimama mbele ya fremu, akaweka kidole chake kulia, kwenye weupe.

"Hapa ndipo niliposimama," akasema. "Nilivaa ile kanga yako ya Idi. Huyu jirani yako alinipa shikamoo, akaniambia, mama, simama hapo hapo mlangoni, usitikisike." Akatazama tena. "Sikutikisika, mwanangu."

Niliporudi sikumwita Mpiga Picha, niliingia studio.

"Jua lilikuwa linawaka siku ile?"

Alijua nimetoka wapi. "Lilikuwa linawaka."

"Tundu ulilibana?"

Alikuwa ameshika filamu ya mtu mwingine, inachuruzika maji sakafuni.

"Nakuuliza, ulilibana au ulilifungua?"

"Nililifungua."

"Lote?"

"Lote."

Yule kijana hakujua habari za tundu. Alichoagiza ni kamera mbovu tu. Hilo la kufungua tundu, jua kali vile, Mpiga Picha aliliongeza mwenyewe, kwa ufundi wake, ili kazi iwe safi.

"Wangenifungia duka," akasema. "Ningekwenda wapi?"

"Ungekuja kukaa kwangu na mama. Chumba kina paa."

Mama alifariki kabla ya mavuno. Mpiga Picha alikuja mazikoni, akasimama nyuma ya watu wote, na alipotaka kushika jembe kufukia, nilimwambia binamu yangu ampokonye. Watu walishangaa. Sikueleza. Kueleza kungekuwa kumtaja yule kijana na ofisi yake, na enzi zile mtu alipima maneno, hata mimi. Lakini barazani pale hatukusalimiana tena. Miaka tuliishi hivyo. Aliendelea kuwa fundi. Aliendelea kulinganisha nyuzi zake kwenye ukuta wa ghala kila akipata lenzi mpya, aliendelea kuwaambia wateja kwamba aliye pembeni naye kaja kupigwa picha, na mimi upande wa pili wa nguzo nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie. Binti yangu Zaina alipomaliza shule, Mpiga Picha alitaka kumpiga picha bure. Nilimpandisha mtoto treni, akapigwa Morogoro, picha mbaya, shingo imepinda. Ipo mpaka leo, naipenda.

Filamu zilipoadimika madukani na karatasi zikakosekana kabisa, alifungasha, akahamia Mikumi. Sikumuaga.

Miaka ikapita. Nilikuwa nakwenda Ruhembe kwenye harusi ya mtoto wa ndugu, nimebeba nguo za maharusi, gari letu likapata pancha Mikumi. Tukashuka. Kando ya barabara kuu palikuwa na kibanda cha mbao, kimeandikwa picha za vitambulisho, na vibarua wa miwa wamepanga mstari. Yeye alikuwa ameketi mlangoni. Amezeeka, shati bado jeupe. Akaniona kabla sijageuza uso, akasimama kwa shida.

"Mama Zaina."

Mama alinilea vizuri. "Shikamoo," nikasema, ikanitoka kama mwiba.

"Marahaba. Ngoja. Tafadhali, usiondoke, ngoja."

Akaingia ndani, akawaacha vibarua wanashangaa. Akatoka na picha, ameishika kwa kingo, kama alivyowafundisha watu kushika picha. Akanipa.

Ilikuwa barabara ile ile, bendera ile ile, viongozi wale wale. Na kulia, safu ya nyumba zisizo na paa, fito zimechomoza juu kama mbavu. Kwenye kila mlango mtu amesimama. Shangazi yangu, mkono kiunoni. Na mama yangu, kanga ya Idi, maua yake yote yanaonekana, uso wake wote, hata kovu la kidevu. Amesimama wima.

"Siku ile nilibeba kamera zote mbili," alisema. "Kijana alipokwenda kwenye gari, nilipiga na ile nzima. Nikaificha filamu. Nilitaka kukuletea, nikaogopa. Kila mwaka nilisema, mwaka huu."

Niliitazama picha, nikamtazama yeye.

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Mama anakohoa kwenye ukuta wako, ulikuwa nayo? Lori linapita kwenda kwingine, ulikuwa nayo? Ungempelekea mtu yeyote, mchungaji, shehe, mbunge, mtu yeyote, wangeona zile fito. Wewe ukaleta machungwa!"

Kibarua mmoja alivua kofia, sijui kwa nini.

"Nisamehe," akasema.

"Sikusamehe." Nilisema hivyo, na sijabadilisha. "Filamu yenyewe bado ipo?"

"Ipo."

"Basi safisha picha, kila mlango wa safu ile picha yake. Utazipeleka kwa mkono wako. Utapiga hodi. Utawaambia, nilikuwa nayo, nikaificha."

"Wengine wamekufa, Mama Zaina."

"Watafungua watoto wao."

Dereva akapiga honi, pancha imezibwa. Niliiweka picha ya mama katikati ya nguo za bibi harusi, isikunjike, nikapanda. Sikumshukuru, sikumuaga, na sikumwona tena.

Alikwenda. Shangazi ndiye aliyenisimulia, kiangazi kilichofuata. Alishuka kwenye basi na mfuko begani, akaanza mlango wa kwanza wa safu ya kulia. Nyumba moja walimpa maji ya kunywa na kiti. Nyingine kijana wa kiume aliisoma picha, akamrudishia kifuani kwa kofi, akamwambia ashukuru mvi zake. Alipofika kwa shangazi alisema maneno yale yale niliyomwagiza, bila kupunguza. Shangazi aliishika picha kwa mikono miwili, akajiona alivyokuwa na nguvu zake, na nyuma yake ile nyumba iko wazi juu.

"Sasa picha hii," akamuuliza, "nikaezekee nini?"

Mzee alisimama pale mlangoni na mfuko wake mpaka shangazi alipochoka kumtazama, akaingia ndani na picha yake, akafunga mlango.